Funguo Mbili na Kiti Kimoja

Hapo zamani, si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzi tu, palikuwa na kiwanda katika mji mmoja wa milimani, mji wa migomba na mvua. Kiwanda hicho hakikutengeneza kitu. Maboksi yaliingia na kutoka yakiwa vilevile: glavu za hospitali zikatoka glavu, shashi ikatoka shashi, iliki ikatoka iliki. Tofauti ilikuwa moja. Yaliingia na vijidudu hai, yakatoka na vijidudu vilivyokufa.

Vilivyoviua ni vijiti vya kobalti, chuma chenye mionzi. Vilikaa ndani ya kisima kirefu cha maji, katika chumba chenye kuta nene kupita urefu wa kitanda. Majini vilitoa mwanga wa bluu, ndiyo maana wafanyakazi waliviita mishumaa. Mishumaa ikipandishwa juu ya maji, mionzi yake hupenya boksi mpaka katikati. Ikishushwa, maji huizuia, na mtu anaweza kuingia chumbani na kutoka salama. Lakini mishumaa hiyo haipulizwi ikazimika. Inawaka Jumapili, inawaka sikukuu, inawaka umeme ukikatika. Kwa hiyo ililindwa kwa uzio, kwa kamera, kwa askari langoni, na kwa sheria ya funguo mbili.

Sheria ya funguo mbili ni hii. Mlango wa chumba una matundu mawili, moja kushoto, moja kulia, na yameachana kiasi kwamba mikono ya mtu mmoja haiyafikii yote kwa pamoja. Kila ufunguo una mwenyewe. Wenye funguo husimama, hutazamana, huyu husema "tayari", yule husema "tayari", kisha huzungusha pamoja. Mwizi peke yake hawezi. Mwenye wazimu peke yake hawezi. Waliotunga sheria hiyo waliwafikiria wezi, wakawafikiria wenye wazimu. Hawakuwafikiria wakwe.

Ufunguo wa kushoto alikuwa nao mzee Ambakisye, aliyeilinda mishumaa tangu siku ilipoletwa. Wa kulia alikuwa nao Tumpe, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa chumba cha kuongozea mitambo, mbele ya taa na vitufe, akiipandisha na kuishusha. Walifanya kazi vizuri. Kisha Tumpe akaolewa na Lusajo, na Lusajo ni mtoto wa mzee Ambakisye.

Katika kabila lao, mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mkamwana huingia migombani mpaka mzee apite. Mzee naye akikaribia mahali hukohoa kwa nguvu, ili mkamwana apate nafasi ya kujificha. Na jina la baba mkwe halitamkwi na mkamwana, hata akiulizwa na polisi.

Jumatatu ya kwanza baada ya harusi, mzee alifika mlangoni, akamkuta mkamwana wake ameshika ufunguo. Akageuka akatazama ukuta. Tumpe naye akatazama ukuta wa pili. Maboksi yakangoja.

Sekela, mpishi wa kantini, alikuwa akipita na birika.

"Sekela," mzee akasema, bado ameuelekea ukuta, "mwambie mkamwana ugomvi hakuna. Ila haiwezekani."

"Nimwambie nini na anakusikia?"

"Mwambie."

"Tumpe, mzee anasema haiwezekani."

"Mwambie nimesikia," akasema Tumpe.

Wangeweza kumweleza meneja. Lakini meneja, bwana Nyoni, alikuwa mtu wa mbali, mpole, mwenye haraka. Angeuliza swali moja tu: nani ahamishwe? Tumpe alilijua jibu. Anayehamishwa ni aliyekuja nyuma, na akiwa mwanamke mambo huwa mepesi zaidi. Akanyamaza. Mzee akanyamaza. Sekela akatua birika, akafungua kanga yake ya juu, akaitanda katikati yao kama pazia.

"Haya, kila mtu azungushe chake. Nina maharage jikoni."

Wakazungusha. Mlango ukafunguka.

Ikawa hivyo kila siku. Askari wa kamera aliona kanga imetandwa mlangoni, akadhani ni utaratibu mpya wa usafi. Meneja aliiona mara mbili, asiulize. Tumpe akazaa mtoto, akazaa wa pili. Kiwanda cha chai kikampunguza Lusajo, na mshahara wa Tumpe ukawa ndio jiko, ndio ada, ndio dawa. Haya ni kitu kizuri, lakini watoto hawali haya.

Wa kwanza kuchoka alikuwa Sekela.

"Mimi sikuajiriwa kuwa pazia," akasema. "Maharage yameungua juzi, yameungua leo. Nipeni funguo zote mbili, nitafungua mwenyewe."

"Mwambie Sekela matundu hayafikiki," akasema mzee, kwa kuwa alishazoea kutuma ujumbe hata kwa aliye mbele yake.

"Mnaujua urefu wa mwiko wangu wa ugali?"

Ule mwiko mpini wake uliingia kwenye pete ya ufunguo kama ulichongewa hapo. Mkono mmoja huku, mwiko kule, mlango ukafunguka. Wote watatu walijua kwamba ni kosa. Wote watatu wakashusha pumzi. Tangu hapo funguo zikakaa pamoja katika beseni la maandazi, chini ya kitambaa. Mzee aliendelea na kazi yake ya ndani: kila mara kabla mishumaa haijapandishwa, aliingia, akazunguka chumba kizima kuhakikisha hakuna mtu aliyebaki, kisha akabonyeza kitufe cha ukuta wa mwisho. Kengele ililia kwa Tumpe na taa ya mwisho ikawa kijani. Maana yake: hakuna mtu, pandisha.

Mwaka ukapita. Meneja akawakusanya wafanyakazi kwenye banda la kupakilia, akawatangazia kwamba inakuja mashine mpya.

"Hii inafanya kazi ileile kwa umeme," akasema. "Ukiiwasha inatoa mionzi, ukiizima imezima, kama redio. Haina kisima, haina mishumaa. Mwizi akija, hana cha kuiba ila mashine isiyopita mlangoni. Mishumaa itarudishwa ilikotoka, kwa gari lenye ulinzi."

Watu wakapiga makofi. Fundi mmoja akauliza, "Na sisi?"

"Mafundi wa mitambo mtabaki. Kuongoza mashine kunataka mtu mmoja kutoka humu. Watengenezaji watamfundisha. Walinzi wa kisima, chumba cha kuongozea cha zamani, kantini, hao tutawashukuru."

Makofi yakakoma. Kushukuriwa kila mtu alijua ni nini. Tumpe aliangalia mbele. Kiti kimoja, na yeye ana nyumba nzima nyuma yake. Mzee aliangalia ukuta. Sekela, mwenye kidato cha nne na hesabu kuliko wote wawili, alihesabu vikombe, akasema tu, "Basi sitanunua sufuria jipya."

Wakati huo kiwanda kilimwajiri mnunuzi wa vyuma chakavu, Fungameza, aondoe reli kuukuu zilizolala nje ya jengo. Kila asubuhi alikunywa chai kwa Sekela.

"Dada Sekela, andazi lako zito. Nikiliuza kwa kilo natajirika."

"Nunua basi. Unalipima kwa macho tangu juzi."

Lakini macho ya Fungameza hayakuwa kwenye andazi. Aliona funguo zikitoka chini ya kitambaa, aliuona mwiko, aliuona mlango. Alikuwa amesikia kwamba kisimani kuna chuma kisichoshika kutu maisha. Alikuwa amesikia pia kwamba chuma hicho kinaua, lakini hilo alilichukulia kuwa hadithi ya kuwatishia wezi. Ilikuwa kweli, na ilikuwa ya kuwatishia wezi.

Siku moja, saa ya chai, mishumaa imeshushwa, Sekela alikwenda langoni kupokea maziwa. Fungameza akafunua kitambaa, akachukua maandazi mawili na funguo mbili. Alikuwa na kamba, kulabu na nondo. Nondo ikafanya kazi ya mwiko. Akaziacha funguo kwenye matundu, akaingia, akaufunga mlango nyuma yake ili asionekane. Ndani kulikuwa na giza, ila mwanga wa bluu kisimani. Akapapasa ukuta akitafuta swichi ya taa, akafika ukuta wa mwisho, akakuta kitufe, akakibonyeza. Taa haikuwaka. Kwa Tumpe, kengele ikalia.

Tumpe aliiangalia meza yake. Taa ya mlango ilikuwa imewaka nyekundu, sasa ni kijani. Kengele imelia. Taa ya mwisho kijani. Kila kitu kilisema: mzee amezunguka, hakuna mtu, pandisha. Langoni lilikuwapo gari la hospitali likingoja shashi, na meneja alishapita mara mbili kuuliza. Tumpe akafunua kifuniko cha kitufe.

Dirishani, upande wa bomba la maji, mtu akakohoa.

Tumpe aliinama chini ya meza. Hakufikiri, ni mazoea. Baba mkwe akikohoa, mkamwana hujificha. Akiwa huko chini, goti likiwa juu ya waya, ndipo akajiuliza: kama mkwe wangu yuko bombani anaosha kikombe, nani amebonyeza kengele?

Akatoka, akatazama skrini ya kamera. Funguo mbili zilikuwa zimesimama kwenye matundu, na chini ya mlango kilionekana kipande cha kamba kilichobanwa. Akavuta kipaza sauti cha spika za kiwanda. Angesema "mzee", wazee kiwandani walikuwa watano, wangekuja watano au asingekuja hata mmoja. Angesema "babu wa watoto", kila mtu ni babu wa watoto. Akafumba macho, akasema:

"Ambakisye. Ambakisye, mlangoni. Kuna mtu ndani."

Kiwanda kizima kilisikia. Wapakiaji waliokuwa wa kabila lao waliacha maboksi. Mmoja akasema polepole, "Huyo ni mkamwana wake," kama mtu aliyeona nyumba inaungua.

Mzee alikimbia. Alifika mlangoni, akashika ufunguo wa kushoto, akanyoosha mkono kuelekea ule wa kulia. Haukufika. Akasimama pale amepanua mikono kama anayepima kitambaa. Tumpe alimwona kwenye skrini, akanyanyuka, na hapohapo Sekela akaingia anahema.

"Mdogo wangu, funguo hazipo."

"Zipo mlangoni. Kaa hapa. Mtu asiguse kitufe hiki."

"Hata meneja?"

"Hata meneja."

Tumpe akakimbia. Mlangoni hapakuwa na kanga wala mtu wa kuitanda. Akashika ufunguo wa kulia. Mzee akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Tayari," akasema, akimwambia yeye, si ukuta.

"Tayari," akasema Tumpe.

Lakini kabla hawajazungusha, kule chumba cha kuongozea bwana Nyoni alikuwa ameingia.

"Tumpe yuko wapi?"

"Ametoka," akasema Sekela.

"Taa zote kijani, gari la hospitali linangoja, na yeye ametoka." Akapeleka mkono kwenye kitufe.

"Usiguse, bwana meneja."

"Sekela, nenda jikoni."

Sekela angeweza kwenda jikoni. Funguo zilikuwa mlangoni, na meneja hakujua zilikopita. Akasimama mbele ya kitufe.

"Taa zinadanganya," akasema. "Funguo zote mbili zilikuwa kwangu. Kwenye beseni la maandazi, mwaka mzima. Leo zimeibwa, na mwizi yumo ndani."

Mkono wa meneja ulibaki hewani. Kisha taa ya mlango ikawaka nyekundu, maana kule kwingine funguo zilikuwa zimezunguka. Mlango ukiwa wazi mishumaa haipandi hata ukibonyeza mpaka kesho.

Tumpe aliuzuia mlango kwa mgongo wake usijifunge. Mzee alichukua kipimo chake cha mionzi, akaingia. Kipimo kilianza kulia polepole, kisha kwa haraka. Akamkuta Fungameza amechuchumaa ukingoni mwa kisima, anavuta kamba.

"Unavua nini, kijana?"

"Chuma tu, mzee. Tutagawana."

"Kimenasa?"

"Kimenasa."

Mzee akaketi ukingoni kando yake, akaishika kamba naye.

"Basi tukishushe taratibu. Kikitoka majini, mimi na wewe ni wa kuzikwa, na aliyeegemea mlango pale ni mama wa wajukuu wangu."

Fungameza alitaka kucheka. Akauangalia uso wa mzee, akaangalia kipimo, akaacha. Wakashusha kamba pamoja, mkono kwa mkono, mpaka kipimo kikatulia.

Mwizi akachukuliwa na polisi, shashi ikachelewa, wakaguzi wa serikali wakaja. Nyumbani kwa Tumpe jioni haikuwa nzuri.

"Umemtaja baba," akasema Lusajo. "Kwenye spika."

"Ningemtajaje?"

"Hata kwa ishara."

"Spika haina ishara, baba Neema."

"Mama amelala bila kula. Anasema upeleke jogoo wa kuomba radhi."

"Jogoo nitapeleka. Na kazi ikiisha nitapeleka nini?"

Lusajo akamega tonge. Alikuwa anakula ugali wa mshahara uleule.

Wakaguzi walimaliza, wakasema maneno mawili. La kwanza: sheria imevunjwa na watatu, na meneja ambaye hakuuliza kanga ile ni ya nini ni wa nne. La pili: mishumaa iondoke upesi, na mmoja wa watatu hao anaweza kusamehewa akapewa kiti cha mashine mpya, wengine hapana. Meneja achague.

Mishumaa ikaondoka ndani ya pipa zito la madini ya risasi yanayozuia mionzi, polisi mbele, polisi nyuma. Kisima kikabaki maji. Bwana Nyoni akawaita watatu hao kwenye banda la kupakilia, mbele ya wafanyakazi wote, kwa kuwa hakutaka kuchagua huku mlango umefungwa.

"Kila mtu aseme," akasema. "Kwa nini yeye."

Mzee akasema, "Mimi ndiye niliyeingia. Wengine walikuwa nje ya ukuta, mimi nilikuwa na kamba mkononi. Nimelinda kitu kile tangu kilipoletwa na hakijamuua mtu. Na msisahau, mkamwana aliacha kubonyeza kwa sababu nilikohoa."

"Ulikohoa kwa ajili ya chai," akasema Sekela. "Hukujua unamwokoa mtu. Hata jogoo huwika, lakini si yeye aletaye asubuhi."

Watu wakacheka kidogo. Mzee akasema, "Mwambieni Sekela, nilikohoa kwa ajili ya heshima. Heshima ndiyo iliyookoa."

"Heshima hiyohiyo ndiyo iliyozileta funguo jikoni kwangu," akasema Sekela. "Mimi niliwabebea aibu yenu miaka yote hii, na maharage yangu yakaungua. Siku ya mwisho ningeweza kunyamaza. Tumpe hakuwa na cha kupoteza kwa kusema ukweli, angesema amemwona mwizi, basi. Mzee vilevile. Mimi nilisema: zilikuwa kwangu. Bila neno hilo, bwana meneja, mkono wako ungefika."

Bwana Nyoni aliangalia chini.

"Neno lako lilimzuia meneja," akasema Tumpe. "Lakini ni wewe uliyesema 'nipeni zote mbili'. Uvivu wako ndio uliomfungulia mwizi."

"Na nani alinipa? Niliwapora?"

Tumpe akamgeukia meneja. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, akiwapikia watoto uji, na sasa aliyaona hayatoshi.

"Kidole kilikuwa changu," akasema. "Taa ziliniambia bonyeza, gari liliniambia bonyeza, meneja aliniambia bonyeza. Sikubonyeza. Mkwe wangu alimtoa mtu mmoja kisimani. Mimi ningebonyeza, ningekuwa nimemuua mtu huyo kabla mkwe hajafika. Kisha nikalitaja jina nisilolitaja. Hao wawili wametoa ujasiri wao na ukweli wao, wakarudi nyumbani navyo. Mimi jina la mkwe wangu nimelitoa, halirudi. Mama mkwe hanisalimii. Na nyumba yangu inakula kwa kazi hii. Sina jingine."

"Sote tunakula," akasema Sekela. "Au mimi nina tumbo la mbao?"

Mzee akamwangalia Tumpe tena, mbele ya watu wote, akasema, "Mkamwana, ukipewa, wajukuu wangu watakula. Nikipewa mimi, watakula vilevile. Kwa hiyo tumbo tuliweke kando. Mimi nataka waseme aliyelinda ni nani."

"Ukipewa wewe," akasema Tumpe, na sauti yake haikupanda, "watakula kwa mkono wa bibi yao. Asiyenisalimia."

Mzee akaugeukia ukuta.

Wapakiaji wakaanza kubishana. Mmoja akasema apewe mzee, kwa kuwa aliyekaa kando ya kifo ndiye aliyejua uzito wake. Mwingine akasema mashine inayozimika haitaki shujaa, inataka anayesita, apewe Tumpe. Wa tatu akasema mashine yoyote huharibiwa na wanaoficha makosa, apewe Sekela aliyesema. Wa nne akasema waliovunja sheria ya funguo mbili watavunja na sheria ya mashine, afukuzwe kila mtu pamoja na meneja. Huyo akaambiwa akae chini.

Bwana Nyoni alisikiliza mpaka kila mtu akasema mara ya pili yale aliyokwisha kuyasema. Akainuka, akafungua mdomo, akaufunga, akakaa.

Mashine imeshafungwa. Umeme umefika. Hospitali zinangoja shashi na kiti kiko kitupu, kimoja tu, na wanaokitaka ni watatu: aliyeshika kamba na kifo, aliyeacha kubonyeza akalitoa jina, na aliyesema kosa lake wakati angeweza kunyamaza. Funguo zilikutana kwa mikono yao wote, na mtu akatoka hai kwa mikono yao wote.

Meneja ameshindwa. Haya, ninyi mliosikia: kiti apewe nani?